"ALICHELEWA KUFIKA": UONGO UNAOZIKA WAGONJWA WA INI

Ndugu msomaji, ukitaka kuusikia uongo unaosemwa kila siku katika hospitali za nchi hii, nenda kasimame nje ya wodi ya wanaume saa moja asubuhi, wakati ndugu wa mgonjwa wanaitwa pembeni kupewa habari. Utasikia maneno mawili tu: "Alichelewa kufika."

Ndugu hawabishi. Watabishaje? Anayesema kavaa koti jeupe, wao wamevaa kanga na ndala. Wanajifuta machozi, wanaanza kuulizana nani ana simu yenye salio na jeneza litapatikana wapi. Faili linafungwa. Serikali inalala usingizi.

Mimi nasema leo hadharani: wengi wa hao hawakuchelewa. Walicheleweshwa. Nitasema walicheleweshwa wapi, na nani, na kwa saa ngapi. Atakayebisha, na abishe kwa hoja.

SAA 88

Jirani yangu alikuwa fundi seremala mwenye miaka 41. Mtu wa swala tano, pombe hajawahi kuionja. Miaka sita kabla ya kufa kwake alikwenda kujitolea damu kwa ajili ya mtoto wa kaka yake. Akaambiwa, "Damu yako haifai, ina homa ya ini." Basi. Hakupewa dawa wala tarehe ya kurudi, na hakuna aliyemwambia ampeleke mkewe na watoto wakapimwe. Akarudi kwenye randa yake kama mtu aliyeambiwa kwamba leo kuna mawingu.

Mwaka wake wa mwisho miguu ilianza kuvimba. Macho yakawa ya manjano. Kisha tumbo likajaa maji, likawa kama la mama mjamzito wa miezi tisa. Mtaani wakasema amekuwa akinywa gongo kwa siri. Shangazi yake akasema amerogwa na fundi mwenzake. Dukani wakamuuzia diklofenaki ya maumivu, dawa ambayo mtu mwenye ini la namna ile hatakiwi hata kuigusa kwa sababu inamaliza figo.

Ijumaa moja saa 12 jioni tulimfikisha kwenye hospitali ambayo sitaitaja jina, maana nikiitaja watasema tatizo ni la hospitali hiyo moja, nami najua si la moja. Alikuwa anaongea. Alimsalimia nesi. Alikuwa na homa kidogo na tumbo linauma kwa mbali. Akapewa kitanda, dripu na dawa ya kukojosha.

Jumamosi daktari hakuonekana. Jumapili alipita daktari wa zamu akiwa na wodi tatu peke yake, akaandika "aendelee na matibabu". Jumatatu, kwenye raundi, daktari mkubwa alitazama tumbo na kusema maji yale yachukuliwe yapimwe. Mkewe akapewa karatasi, akaenda dirishani. "Mama, lipia kwanza." Hela haikutosha. Akarudi nyumbani kuuza cherehani yake. Jumanne saa 4 asubuhi ndipo sindano ilipoingia tumboni na maji yakachukuliwa.

Hesabu mwenyewe. Kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumanne saa 4 asubuhi ni saa 88.

Majibu yalionyesha maji yamejaa chembe za vita, yaani bakteria walikuwa wameingia zamani. Kufikia hapo mkojo ulikuwa umekata na fundi wetu alikuwa anamwita mkewe kwa jina la dada yake. Alifariki usiku wa kuamkia Alhamisi. Asubuhi tukaitwa pembeni.

"Alichelewa kufika," wakasema.

Mjane akanigeukia akaniuliza, "Shemeji, si tulifika Ijumaa?"

Ndiyo, shemeji. Tulifika Ijumaa. Makala haya nayaandika kwa sababu siku ile sikuwa na jibu.

KINACHOUA NI NINI?

Wengi wetu tunadhani mtu mwenye ini lililosinyaa anauawa na ini. Mara nyingi sivyo. Ini huwa limemdhoofisha. Anayekuja kummaliza ni mwizi mwingine anayepita mlango ulioachwa wazi.

Ini ni mlinzi wa geti. Damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita kwake kwanza, na bakteria waliopenya kutoka utumbo huo hukamatwa hapo. Ini likijaa makovu, damu inashindwa kupita sawasawa, inatafuta vichochoro vya pembeni, na mlinzi anapitwa. Ukuta wa utumbo nao unakuwa umelegea, bakteria wanatoka. Pale nje wanakuta nini? Wanakuta lita kadhaa za maji ya vuguvugu tumboni, maji ambayo hayana protini ya kutosha kupigana nao. Hilo ni bwawa la kufugia. Hakuna utumbo uliotoboka, hakuna kidonda, hakuna kisu kilichoingia. Yanaoza yenyewe kwa ndani. Madaktari duniani wameujua uambukizo huu vizuri tangu miaka ya 1960. Si jambo jipya la kumshangaza mtu.

Na si tumbo tu. Mgonjwa wa ini hushambuliwa mapafu, njia ya mkojo, ngozi ya miguu iliyovimba, na damu yenyewe. Mpira wa mkojo ukiachwa siku nyingi bila sababu ni mlango mwingine.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya tafiti 178, ulionyesha kwamba uambukizo huzidisha vifo vya wagonjwa wa ini lililosinyaa mara nne. Katika kila 10 wanaoupata, 3 hufa ndani ya mwezi mmoja, na wengine 3 hufa kabla mwaka haujaisha. Huyo ndiye adui. Sasa tuulize: serikali yetu inapigana naye kwa silaha gani?

SINDANO MOJA TU

Hapa ndipo hasira inaponipanda, ndugu msomaji. Kama dawa ya jambo hili ingekuwa mashine ya mabilioni, ningenyamaza. Ningesema nchi yetu ni maskini, tuvute subira. Lakini silaha ya kwanza ni sindano. Sindano na bomba lake, glovu, spiriti na pamba. Daktari anasafisha ngozi, anachoma pembeni mwa tumbo, anavuta maji kidogo. Ni kazi ya dakika chache.

Maji yanakwenda maabara. Kinachohitajika huko ni darubini, kioo cha kuhesabia chembe, na mtu anayejua kuhesabu. Chembe nyeupe zile za kupigana na bakteria, zinazoitwa nyutrofili, zikifika 250 katika milimita moja ya ujazo, mgonjwa anaanzishiwa dawa pale pale, bila kusubiri bakteria aoteshwe. Dawa yenyewe ni kama seftriaksoni, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu na ambayo kwetu inachomwa hovyo hata kwa mafua.

Wala usisubiri homa kali. Wagonjwa wengi wa namna hii hawana homa, hawana maumivu, wamelala kimya tu huku bwawa linachemka. Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa ini, ya Ulaya na ya Marekani, inasema kila mgonjwa mwenye maji tumboni anayelazwa apimwe maji hayo, aonekane mbaya asionekane mbaya. Kati ya mmoja na watatu katika kila 10 wanaolazwa na maji hayo hukutwa na uambukizo.

Na saa zina maana. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 239 waliokuwa na uambukizo wa maji ya tumbo. Waliochomwa sindano ya kupima baada ya saa 12 tangu kufika walikuwa na hatari ya kufa hospitalini mara 2.7 ya wale waliochomwa mapema. Kila saa moja iliyopotea iliongeza vifo kwa asilimia 3.3.

Kila saa! Sasa ziweke saa 12 hizo kando ya saa 88 za fundi wetu. Nani alichelewa?

VISINGIZIO VYAO

Najua watakavyojibu. Nimewasikia.

Kisingizio cha kwanza: "Damu ya mgonjwa wa ini haigandi, tukimchoma atavuja." Hoja hii imekwisha kujibiwa. Kuvuja damu sana kwa sababu ya sindano hii ni nadra, na miongozo haitaki mgonjwa anyimwe kipimo kwa hofu hiyo. Kumwacha bila kupimwa ndiko kunakoua.

Kisingizio cha pili: "Huenda ni kifua kikuu cha tumbo." Kweli, kwetu kifua kikuu cha tumbo kipo na kinajaza maji pia. Lakini utakitofautishaje bila kuyatoa maji na kuyapima? Hiyo ni sababu nyingine ya kuchoma sindano.

Kisingizio cha tatu: "Matibabu kamili ni ghali." Hapa nakubali nusu. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 1999 kwa wagonjwa 126 ulionyesha kwamba ukimpa mgonjwa antibayotiki pamoja na albumini, ile protini ya damu inayotiwa kwa mshipa, figo zinaokoka. Waliopata antibiotiki peke yake, asilimia 29 walikufa hospitalini. Walioongezewa albumini, asilimia 10. Kipimo ni gramu moja na nusu kwa kila kilo ya mwili siku ya kwanza, na gramu moja kwa kila kilo siku ya tatu. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 90, kisha gramu 60. Chupa moja ya kawaida ina gramu 10. Hizo ni chupa 15. Mlalahoi hazinunui hata akiuza nyumba.

Sawa. Lakini ndiyo sababu ya kumnyima na sindano pia? Kwa kuwa huwezi kumnunulia gari, ndiyo umnyang'anye na baiskeli? Antibayotiki iliyotolewa mapema inaokoa wengi hata pasipo albumini. Na albumini yenyewe, kwa nini inunuliwe na mjane mwenye cherehani moja? Bohari ya dawa ya taifa ipo kwa kazi gani?

Kisingizio cha nne ndicho kibaya kuliko vyote, nacho husemwa kwa kunong'ona: "Ini limeshakufa, hata tukimtibu atakufa tu." Nani kawapa kazi ya Mungu? Mtu aliyeokolewa na uambukizo hupata nafasi. Wapo wanaorudi kulea watoto wao miaka kadhaa. Kama kilicholiharibu ini ni virusi vya homa ya ini aina ya B, kuna kidonge cha tenofovir kinachovizuia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika wagonjwa 96 waliokuwa na makovu makubwa ya ini mwanzoni, 71 walikuwa wametoka katika hali hiyo baada ya miaka mitano ya kidonge hicho. Hao hawakuwa wamefika kwenye maji tumboni, nakubali. Lakini hata aliyefika huko, kukitumia ni afadhali kuliko kungoja sanda.

KIGOGO HAPANGI FOLENI

Tangu mwaka 1993 serikali ilipoanzisha kuchangia gharama katika hospitali zake, tumefundishwa wimbo mmoja: lipa ndipo upone. Majukwaani wanasema wa dharura atibiwe kwanza. Je, mwenye tumbo lililojaa maji na homa ni wa dharura au si wa dharura? Pale dirishani jibu ni kwamba dharura ni ile inayotoka damu barabarani. Hii ya kuoza kimya kimya si dharura, ni "mgonjwa wa kawaida".

Kigogo naye akishikwa na tumbo hapelekwi dirishani. Tunasikia tu kwamba mheshimiwa yuko India kwa uchunguzi wa kawaida wa afya. Uchunguzi wa kawaida! Huku kwetu uchunguzi wa kawaida ni nesi kukuuliza kama umekuja na glovu zako. Tairi moja la shangingi la mkubwa lingenunua sindano za kutosha wodi nzima kwa muda mrefu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja Aprili 2001 wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi hiyo iliandikwa na kutangazwa. Mwulizeni mbunge wenu, akija kuomba kura, imetekelezwaje katika jimbo lake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Vizuri. Lakini kadi ya bima haichomi sindano siku ya Jumamosi. Anayechoma ni daktari aliyeajiriwa, mwenye zamu inayojulikana, na maabara iliyo wazi.

Na tusiwalaumu madaktari na manesi peke yao. Daktari mmoja kwa wodi tatu usiku kucha ni mtuhumiwa au ni mhanga? Aliyempa wodi tatu ndiye ajibu.

Tena tusidhani hawa ni wagonjwa wachache. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022, watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini aina ya B, na iliua watu milioni 1.1 mwaka huo. Ni asilimia 13 tu waliokuwa wamegunduliwa, na asilimia 3 tu waliokuwa wakipata dawa. Kanda ya Afrika ilibeba asilimia 63 ya maambukizo mapya, na bado ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga waliopata chanjo yake wanapozaliwa. Kidonge cha tenofovir kwenye soko la dunia kimefika dola 2.4 kwa mwezi. Hapa nchini chanjo iliingizwa kwa watoto mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, wengi wao ndio baba na mama wa leo, hawakuipata utotoni. Ongeza kichocho cha Kanda ya Ziwa, kinachoziba mishipa ya ini mpaka mtu anatapika damu. Hao wote wako njiani kuja kwenye dirisha lile la malipo.

TUNATAKA NINI

Hatuombi miujiza. Tunadai mambo matano, na Waziri wa Afya ayajibu moja moja.

Kwanza, kila mgonjwa mwenye maji tumboni anayelazwa katika hospitali ya wilaya, ya mkoa au ya rufaa apimwe maji hayo ndani ya saa 12, hata kama ni Jumapili, hata kama ni Idi au Krismasi. Saa ya kufika na saa ya sindano ziandikwe kwenye faili, ndugu wazione.

Pili, kipimo hicho na dozi ya kwanza ya antibayotiki vitolewe kabla ya malipo. Karatasi ya dirishani ifuate nyuma, isitangulie.

Tatu, mgonjwa wa ini anayetapika damu aanzishiwe antibayotiki siku hiyo hiyo. Tafiti nyingi zimekwisha kuonyesha kwamba inapunguza vifo.

Nne, albumini iwepo angalau katika kila hospitali ya rufaa, inunuliwe na serikali, itunzwe kwa ajili ya wagonjwa hawa, isiibwe.

Tano, mtu akikutwa na homa ya ini wakati wa kutoa damu, asirudishwe nyumbani na maneno mawili. Apewe kliniki, apimwe, apewe kidonge akistahili, na familia yake ichanjwe.

Na wewe mwananchi mwenzangu, usingoje serikali. Ukiwa na mgonjwa mwenye tumbo la maji, akipata homa, tumbo likiuma, mkojo ukipungua, akianza kuchanganya maneno au kutapika damu, mpeleke usiku huo huo. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni. Usimchome seftriaksoni ya dukani, maana unawafundisha bakteria kuizoea. Usimpeleke kwa mganga kuchanjwa chale kwenye tumbo hilo. Na usimwite mlevi. Ukifika hospitali uliza kwa adabu, lakini uliza kwa sauti: "Daktari, maji ya tumbo yatapimwa saa ngapi?" Andika jibu. Andika na saa.

Mke wa fundi wetu amenunua cherehani nyingine ya mkopo. Yeye na watoto wake watatu walikwenda kupimwa baada ya mazishi, kwa nauli tuliyochanga mtaani. Mtoto mmoja amekutwa na virusi vile vile vya baba yake. Ana miaka 11.

Mheshimiwa Waziri, mtoto huyo kafika mapema. Hutaweza kusema alichelewa.